Kabla ya Usiku wa Ziwani

Katika uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya Mwingereza kuondoka Zanzibar, chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura zote za Unguja na Pemba, na viti 13 kati ya 31. Zanzibar Nationalist Party, ambacho hadi leo watu hukiita Hizbu, kilipata viti 12, na mshirika wake ZPPP viti 6. Kwa viti hivyo 18 Sheikh Mohammed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Mkuu, Seyyid Jamshid bin Abdulla akabaki juu yake akiwa Sultani, na tarehe 10 Disemba ikapandishwa bendera nyekundu yenye karafuu mbili katikati. Ilipepea mwezi mmoja na siku mbili. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 kambi ya polisi ya Ziwani ilivamiwa na silaha zikachukuliwa. Siku hiyohiyo Sultani akaondoka ndani ya meli ya Seyyid Khalifa.

Zaidi ya miaka sitini imepita na Wazanzibari hawajaacha kujiuliza ingekuwaje. Kila upande una lau zake. Kisonge, maskani ya CCM pale Michenzani, aghalabu utasikia kwamba lau si Mapinduzi, Mwafrika angekuwa mtumwa katika nchi yake mpaka leo. Jaws Corner, maskani ya wapinzani ndani ya Mji Mkongwe, lau inayopendwa ni ile ya Tanganyika: lau Bara wasingetia mkono, tungekuwa dola yenye kiti chake Umoja wa Mataifa. Maskati, kwa wale waliokimbia na watoto wao wanaoongea Kiswahili cha Unguja cha miaka ya hamsini, lau ni ya Mwingereza: lau angeleta askari wake, yasingetokea yaliyotokea.

Lau hizi tatu zina kasoro moja. Zote zinaanza usiku wa Ziwani au baada yake, na katika zote upande wa msemaji hauna la kujibu. Mimi naona njia panda za kweli, ambapo watu walikuwa na hiari mikononi na wakachagua, zilikuwa kati ya 1957 na 1963. Huko hakuna upande uliotoka salama, na ndiyo maana hatupendi kwenda.

Tuanze na namna watu walivyoingia katika pande hizo, kwa sababu hapo ndipo masimulizi ya pande zote mbili yanapopotoka. Tumezoea kuambiwa kwamba Hizbu kilikuwa chama cha Waarabu na Afro-Shirazi chama cha Waafrika. Chanzo cha Hizbu lakini kilikuwa kwa wakulima wa Kiembe Samaki, nje kidogo ya mji, mahali ambapo watu walinyang'anywa ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege na ambapo mwaka 1951 walipambana na serikali iliyowalazimisha kuchanja mifugo yao. Vile Vita vya Ng'ombe vilikuwa upinzani dhidi ya ukoloni kabla vyama havijakuwapo. Wakulima wale ndio walioasisi chama cha raia wa Sultani mwaka 1955, na rais wake alikuwa Vuai Kiteweo, mtu wa shamba, si bwana wa Malindi wala wa Shangani. Wasomi wa mjini kama Sheikh Ali Muhsin Barwani walijiunga baadaye, wakakipa mpango, gazeti na lugha ya kimataifa, na wakashika usukani. Mwenye kusema Hizbu kilikuwa cha wakulima anasema kweli. Mwenye kusema matajiri wa Kiarabu walikiongoza naye anasema kweli.

Afro-Shirazi nacho kiliunganisha watu wasioaminiana. African Association, iliyoanzishwa 1934, ilikuwa na nguvu Ng'ambo, kwa makuli, wachukuzi, mabaharia na watu wenye asili ya Bara. Shirazi Association ilikuwa ya wenyeji waliojihesabu kuwa ndio wenye visiwa, na wengi wao waliwatazama watu wa Bara kama wageni. Waliungana Februari 1957. Julai mwaka huo Mzee Abeid Amani Karume akamshinda Sheikh Ali Muhsin hapohapo Ng'ambo, na Hizbu hakikuambulia hata kiti kimoja kati ya sita. Lakini mwishoni mwa 1959 sehemu ya Washirazi, wengi wakiwa wa Pemba, walijitoa na kuunda ZPPP. Mpaka Januari 1961 Hizbu kilikuwa kimefika viti 9 dhidi ya 10 vya Afro-Shirazi. Damu haibadiliki ndani ya miaka mitatu na nusu. Kilichobadilika ni maamuzi ya maelfu ya watu.

Hesabu nyingine inathibitisha jambo hilo. Sensa za wakati ule zinaonesha Waarabu hawakufika humusi ya wakazi. Katika uchaguzi wa 1963 vyama viwili vya serikali vilipata karibu asilimia 46 ya kura. Hata kila Mwarabu mwenye haki ya kupiga kura angevipigia vyama hivyo, bado wengi wa wapiga kura wao wangekuwa Wapemba, Watumbatu, Wahadimu na wengineo ambao hakuna mtu angewaita Waarabu. Masimulizi ya kwamba usiku wa Januari Waafrika waliwaondoa Waarabu yanawafuta watu hawa. Na masimulizi ya upande wa pili, kwamba wenyeji wote walikuwa pamoja mpaka wageni walipokuja kuwavuruga, yanaifuta ile asilimia 54.

Kwa nini basi Mshirazi wa Makunduchi akaenda huku na Mshirazi wa Wete akaenda kule? Sehemu kubwa ya jibu imo ardhini. Upande wa magharibi wa Unguja, wenye udongo mzuri wa mikarafuu na minazi, mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa Waarabu, na chini ya miti hiyo waliishi maskwota, wengi wao kutoka Bara, waliolima muhogo na viazi bila kulipa kodi mradi walipalilia shamba. Mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe, Wahadimu walibaki na uvuvi, usumba na kilimo cha kubahatisha, huku kumbukumbu ya ardhi nzuri iliyowatoka ikiwa hai. Pemba mambo yalikuwa tofauti. Huko Wapemba wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, walioleana na Waarabu wa shamba jirani, na bwana shamba hakuwa mbali nao kimaisha. Mtu wa Pemba alipoambiwa achague kati ya Mwarabu aliyemjua na mtu wa Bara asiyemjua, jibu lake halikutokana na utumwa wa fikra, kama alivyotukanwa baadaye. Na mtu wa Ng'ambo aliyekataa kumwamini Sheikh Ali Muhsin alipohubiri udugu wa Kiislamu hakuwa mjinga aliyechochewa. Aliona mgawanyo wa mali kwa macho yake, upande wa pili wa mkono wa bahari pale Darajani.

Pande hizo zilikuwa laini mwanzoni, kisha zikagandishwa, na waliozigandisha ni watu wa kawaida wakishirikiana na viongozi wao. Baada ya uchaguzi wa 1957 wenye mashamba waliokuwa Hizbu walianza kuwafukuza maskwota waliokataa kubadili chama. Wafuasi wa Afro-Shirazi wakajibu kwa kususia maduka ya Waarabu, mabasi yakawa ya chama hiki au kile, na watu waliosali msikiti mmoja wakaacha kuzikana. Kwa jamii yetu hilo la mwisho ni zito kuliko hotuba yoyote. Magazeti nayo, Mwongozi upande mmoja na Afrika Kwetu upande mwingine, yaliandika juu ya jirani kana kwamba ni adui wa tangu kale. Vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati, chini ya PAFMECA, viliwapatanisha viongozi kuanzia mwishoni mwa 1958, na kwa muda mambo yalitulia. Kwa hiyo ilijulikana kuwa inawezekana. Suluhu ile ilipovunjika hakuna wakoloni waliolazimisha ivunjike.

Hapo ndipo napoiweka lau ya kwanza yenye uzito, nayo ni ya mtu mmoja. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilikwenda Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja. Viti vyote vilikuwa 22, na wabunge watatu wa ZPPP walipogawanyika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika, ukaitishwa uchaguzi mwingine Juni. Siku ya uchaguzi huo, tarehe 1 Juni, fujo zilianza vituoni mjini na kuenea mashamba ya Unguja. Watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu, na wengi wao walikuwa Wamanga maskini, wenye viduka vya vijijini na vibarua, wasiomiliki hata mkarafuu mmoja. Sasa fikiria mpiga kura mmoja tu wa Chake Chake amebadili mawazo. Hizbu wangepata serikali Januari, uchaguzi wa Juni usingekuwapo, na huenda wale 68 wangefia vitandani mwao. Lau hii inauma pande zote. Inawaambia Afro-Shirazi kwamba ushindi wao wa kura moja ulifungua mlango wa damu. Inawaambia Hizbu kwamba serikali ambayo wangeipata kwa uhalali wa kura moja ingekuwa na nusu ya nchi nje yake, kama ile waliyoipata baadaye.

Lau ya pili ni ya hesabu ya 1963. Kama viti vingegawiwa kwa uwiano wa kura, Afro-Shirazi wangepata 16 au 17, na Mzee Karume angekuwa Waziri Mkuu. Wengi humalizia hapo, kwamba kila kitu kingekuwa shwari. Mimi sina hakika. Kanuni ile ya mshindi wa kila jimbo haikupikwa kwa ajili ya Zanzibar. Uingereza yenyewe, mwaka 1951, chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko Conservative na bado kikaondoka madarakani. Walioshindwa kule walikwenda nyumbani kungoja uchaguzi mwingine. Tofauti ni kwamba Ng'ambo hakukuwa na uchaguzi mwingine wa kungojea kwa yakini. Mwingereza alikuwa anaondoka baada ya miezi mitano, na serikali mpya ilionesha haraka tabia yake: mwanzoni mwa Januari 1964 ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu wa Hizbu mpaka alipojitoa miezi michache nyuma. Wenye kura nyingi wakajiona wamefungiwa mlango wa amani. Kama Afro-Shirazi wangeingia madarakani, hasira hiyo isingekuwapo, na bila hasira hiyo sioni vijana wangapi wangekubali kuikabili Ziwani kwa mapanga na mishale. Lakini Pemba ingejiona inatawaliwa na Ng'ambo, maskwota wangedai ardhi mara moja, na ndani ya chama Mzee Karume na wasomi kama Abdulla Kassim Hanga na Othman Sharif walikuwa tayari hawapikiki chungu kimoja. Ingekuwa nchi ngumu kutawala. Naamini tu kwamba waliokufa wangekuwa wachache mno.

Lau ya polisi nitaipitia haraka. Serikali ya Sheikh Shamte iliwaondoa kazini polisi wengi wa asili ya Bara, na baadhi yao walirudi Ziwani usiku ule wakijua kila mlango ulipo. Watu husema ingewabakiza. Ingewabakiza, nani ana hakika wangeipigania? Serikali isiyoweza kuwaamini askari wake kwa sababu haikupigiwa kura na watu wa aina yao ilikuwa na tatizo kubwa kuliko orodha ya mishahara. Na John Okello, Mganda wa Lango aliyejiita Field Marshal na kuitisha nchi kwa matangazo ya redio, aliondolewa mwezi Machi na Mapinduzi yakaendelea bila yeye. Pasingekuwa na Okello, silaha zingepata mtu mwingine. Kinachobaki kwenye jina lake, na kwenye majina ya wengine wengi wasiotajwa, ni mauaji ya wiki zile.

Ya Mwingereza inahitaji subira zaidi, kwa kuwa wanaoisema waliumia kweli. Serikali iliomba msaada ikanyimwa. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, na tarehe 25 Januari askari wa Uingereza walishuka Dar es Salaam kwa ombi la Mwalimu Nyerere. Mtu aliyekimbia nyumba yake Mkokotoni au Bumbwini ana haki ya kuuliza kwa nini kule iliwezekana na huku haikuwezekana. Hata hivyo tuimalizie lau yake. Wanajeshi wa kizungu wangeizunguka Ng'ambo, nyumba kwa nyumba, kumrudisha Sultani juu ya watu ambao wengi wao walipiga kura dhidi ya serikali yake. Wangekaa kwa muda gani? Na siku ya kuondoka kwao ingekuwa siku gani?

Kuna waliokuwa na mawazo mengine wakati uleule, katika visiwa vingine. Cyprus ilipata uhuru 1960 na katiba ya kugawana madaraka: rais Mgiriki, makamu Mturuki mwenye kura ya turufu, viti 35 kwa 15 katika bunge. Ilivunjika kwa mapigano Disemba 1963, mwezi uleule wa uhuru wetu. Mauritius, visiwa vya miwa, vyenye mabwana shamba, wazao wa watumwa na vibarua wa Kihindi, ilikwenda kwa hadhari zaidi. Katiba ya uhuru wa 1968 ilitenga viti vinane vya ziada kwa wagombea walioshindwa wa jamii zisizowakilishwa vya kutosha. Kulikuwa na damu huko pia mwaka huohuo, lakini serikali zimebadilishana kwa kura. Tofauti moja naiona kubwa. Katiba ya Cyprus ilizipa jamii mbili nguvu ya kuzuiana, ilhali ya Mauritius ilimlazimu kila anayetaka kutawala kutafuta washirika nje ya watu wake. Zanzibar ilikuwa na ZPPP, chama kidogo cha katikati ambacho kingeweza kufanya kazi hiyo. Kilichagua kufungamana na upande mmoja moja kwa moja. Kama kuna lau moja ambayo ningeomba wanahistoria wetu waikalie, ni hii: Sheikh Shamte na wenzake wangeidai serikali ya vyama vyote vitatu Julai 1963, na Mzee Karume angeikubali.

Kila lau lazima ijibu suala la ardhi. Serikali ya Mapinduzi ilitaifisha ardhi Machi 1964, na kuanzia 1965 familia za Unguja na Pemba zikagaiwa eka tatu tatu. Skuli zikafunguliwa kwa watoto ambao wazazi wao hawakuota kuzisomea. Anayetamani Zanzibar ya bendera ya karafuu bila kusema maskwota wangepata nini, anatamani nchi ambayo nusu ya watu wake hawamo. Na anayetaja eka tatu bila kutaja makaburi, au bila kutaja kwamba Hanga na Othman Sharif, wana-Afro-Shirazi wenyewe, waliuawa 1969, na kwamba uchaguzi wa viongozi wa Zanzibar haukufanyika tena mpaka 1980, naye amekata kipande kikubwa cha kitabu. Ardhi ingeweza kugawiwa bila kuua. Tanganyika ilibishania ardhi kwa sheria, vibaya na vizuri, bila kuwaua wenye viduka.

Muungano wa Aprili 1964 una lau zake, na zinajadiliwa vya kutosha kila unapokuja mchakato wa katiba. Hapa nitasema tu kwamba ulikuwa matokeo ya Januari zaidi kuliko ulivyokuwa chanzo chake.

Ajabu ni kwamba lau ya serikali ya pamoja ilikuja kujaribiwa, ikiwa imechelewa miaka 47. Vyama vingi viliporudi, pande zilirudi na ramani yake: mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad, Pemba ikiwa upande mmoja karibu yote. Mtu wa CUF, chama cha Maalim Seif, akaitwa Hizbu hata kama alizaliwa baada ya Hizbu kufutwa. Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi, wengi wao Pemba. Kisha Rais Amani Abeid Karume, mtoto wa Mzee Karume, na Maalim Seif wakakaa pamoja mwishoni mwa 2009, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ikaipitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66. Theluthi mbili ya wapiga kura walisema wanataka kile ambacho wazee wao hawakupewa nafasi ya kukipigia kura. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa wa kukaribiana mno, na watu walizikana. Mpango ule ulivunjika baada ya matokeo ya 2015 kufutwa, ukarudi Disemba 2020, na Maalim Seif akafariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Yapo mambo ambayo lau haziwezi kutufanyia, na moja linaweza kufanywa mwaka huu. Waliokufa mwaka 1964 hawana hesabu iliyokubaliwa na pande zote. Makadirio yanatoka mamia na kufika maelfu mengi, kila upande ukichukua tarakimu inayofaa lau yake. Aliyekuwa na miaka 18 usiku wa Ziwani sasa amefika themanini. Unguja ina masheha katika kila mtaa na kijiji, na hakuna kazi ya kitaalamu ngumu katika kukaa na wazee wa Mkokotoni, Bumbwini, Donge na Kiembe Samaki na kuandika majina: nani alikuwa akiishi nyumba ipi Disemba 1963, na nani hakuonekana tena ilipofika Februari. Majina hayo yaandikwe yote, ya kabila lolote na chama chochote, na ya Juni 1961 yawekwe ukurasa wa kwanza.